Ruhusa ya Kumwachia Kantangaze

Nilipanda milimani Mgeta kwenda kuomba ruhusa. Nafanya kazi katika maabara moja mjini Morogoro, na kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kulea kipepeo mdogo wa kijivu ambaye wakulima wa nyanya humwita kantangaze. Si mdudu wa kwetu huyu. Alitoka ng'ambo, akaenea nchi nzima. Viwavi wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo dawa haiwafikii vizuri. Sisi tumewabadilisha madume vinasaba: wakipandana na majike wa shambani, watoto wa kike hufa wangali viwavi, na uzao huzidi kupungua. Hayo tumeyaona ndani ya vizimba vya wavu tu. Kabla ya kuomba kibali cha kuwaachia nje, mkuu wetu alitaka kujua kama wenye mashamba wangekubali.

Mimi mwenyewe niliomba kutumwa. Tekla, mkulima ambaye shambani kwake tuliwahi kukusanya viwavi, alikuwa amenipigia simu kunieleza kwamba kaka yake Kosmas amefariki. Kosmas alichanganya dawa za aina mbalimbali katika bomba moja, kwa kuwa moja moja zilikuwa zimeshindwa, akapulizia nyanya kutwa nzima bila kujifunika pua. Jioni akaanza kutokwa na povu. Walimbeba kwenye machela kuteremka mlima. Hakufika hospitali.

Asubuhi niliondoka mjini kwa lori lililokuwa likienda kupakia mboga. Dereva, Shabani, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, alinipa nafasi mbele. Tulipoipita Mzumbe na kuanza kupanda, barabara ilizidi kuwa nyembamba na hewa ikapoa. Mvua ilikuwa imenyesha, matairi yakawa yanateleza, na upande wangu nilikuwa nikiona vilele vya migomba chini kabisa bondeni. Juu yetu mashamba yalipanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye ukungu.

"Unapakia nyanya leo?" nilimuuliza.

"Nyanya zipo basi, dada? Kabichi na karoti. Nyanya ukizipata, nusu zina matundu. Dar hawazitaki."

Lori liliposimama, Tekla alikuwa akinisubiri kandokando ya barabara, amevaa kaniki ya msiba. Alibeba mkoba wangu, tukashika njia ya miguu. Ilikuwa kali hata nikawa nashika majani ili nisirudi nyuma. Yeye alitangulia bila kuhema.

Nyumbani nilimkuta mama yao, Bibi Sabina, ameketi barazani.

"Shikamoo, bibi. Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tumeshapoa. Karibu."

Kaburi la Kosmas lilikuwa chini kidogo ya nyumba, udongo wake bado mwekundu. Nilikwenda nikasimama pale. Kutoka kaburini niliweza kuliona shamba lake, nyanya zimekauka juu ya miti yake, hakuna aliyezing'oa.

Tekla alikuja nyuma yangu. "Kesho kwenye mkutano wa kijiji waambie wakubali," alisema kwa sauti ya chini. "Wengi nimeshaongea nao. Aliyebaki ni mama."

Nilielewa uzito wa neno hilo. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na katika mteremko ule Bibi Sabina ndiye mkubwa wa ukoo. Asiporidhia, hakuna ambaye angemvuka.

Siku ya pili tulikutana nje ya ofisi ya kijiji. Niliwaeleza kila kitu kwa maneno ya kawaida, nikawaonyesha viwavi waliokufa ndani ya kichupa. Waliuliza kuhusu nyuki, wakauliza kuhusu msitu ulio juu yao. Niliwaambia kwamba kantangaze hapandani na wadudu wa aina nyingine. Vichwa vilianza kutikisika kwa kukubali. Ndipo Bibi Sabina alipoinuka.

"Mjukuu wangu, mwanangu aliuawa na kitu kilichotengenezwa na watu waliosoma. Simlaumu mtu. Nakuuliza wewe. Mkishawaachia, mkaona mmekosea, mtaweza kuwarudisha?"

Tekla alinikazia macho. Nilijua jibu alilolitaka.

"Hatutaweza, bibi," nilisema. "Tunaweza kuacha kuleta wengine, na tunatarajia waliopo wataisha wenyewe baada ya muda. Lakini kuwakusanya mmoja mmoja, hapana. Na huo muda siujui, kwa sababu nje ya wavu hatujawajaribu."

Bibi Sabina alinitazama bila hasira.

"Basi jengeni wavu wenu hapa, katika shamba la Kosmas. Tuwaone kwanza wakiwa ndani, kwa mvua yetu na baridi yetu. Kuwaachia, nakataa."

Wengine wote wakafuata. Moyoni nilipata ahueni, hata nikajiona nimefanya jambo jema.

Asubuhi ya kuondoka nilisikia harufu kali kabla sijatoka nje. Tekla alikuwa shambani kwake, bomba mgongoni, kanga ameifunga puani, anatembea kati ya matuta. Nilimkimbilia.

"Dada Tekla! Baada ya yaliyompata Kosmas?"

Hakusimama. "Wanangu wanakula hizi nyanya, wanasoma kwa hizi nyanya. Nyumba ya wavu mtaijenga lini?"

"Lazima kibali kwanza. Sijui."

"Ulisema kweli jana, nilikusikia. Ila kweli yako haiui kiwavi." Kisha akaongeza, kwa upole zaidi, "Rudi upande ule, dada. Upepo unakuletea wewe."

Nilirudi nyuma kama alivyoniambia, na hilo ndilo lililoniumiza njia nzima ya kushuka. Mimi niliweza kuondoka penye upepo.

Mjini mkuu wetu alisikiliza mpaka mwisho, akasema tumepata jibu la haki, tuombe kibali cha wavu. Tuliomba. Hata leo nikiulizwa kama ningemjibu Bibi Sabina vingine, nasema hapana. Lakini nilipanda mlima nikiamini kwamba tahadhari haimgharimu mtu, kwamba kusubiri ni kukaa tu. Huko juu nikaona kuna mtu anayeivuta subira yetu kwa pua yake kila asubuhi, na si mimi. Siku hizi mwenzangu akisema ofisini hakuna haraka, huwa namweleza habari za Tekla.

Kibali bado hakijatoka. Nyanya za Mgeta zimeanza tena kutoa maua, na Tekla anapulizia.