Barabara ya Jikoni kwa Mama

Siku hizi watu wanapita mbele ya nyumba yangu wakiisifu njia. Wanasema ni pana, imenyooka, na hata mgeni aliyeshuka kwenye garimoshi kwa mara ya kwanza hawezi kupotea. Hakuna anayejua kwamba anakanyaga jiko la mama yangu, nami siwaambii. Mtu akishajua ataanza kuomba radhi, na radhi za wapita njia hunichosha.

Mtaa wetu wa Morogoro, chini ya mlima upande wa mtoni, ulikuwapo kabla Wadachi, hao Wajerumani, hawajaanza kutupenda. Nasema kutupenda kwa sababu ndivyo walivyosema wenyewe: wanatupenda na wanataka tukae vizuri. Mpaka siku hiyo tulikuwa tunakaa vibaya bila kujua. Nyumba ziliangalia zilikotaka, na vichochoro vilipinda kufuata ugomvi. Kutoka kwangu kwenda mtoni ulizunguka nyuma ya nyumba ya mshona kofia, si kwa sababu ya mti wala jiwe, ila mkewe na mwanamke wa nyumba ya pili walikosana zamani juu ya kuku, na hakuna aliyetaka kupita katikati yao. Mgeni alipotea, ndiyo. Lakini mgeni alikuwa na kinywa cha kuulizia.

Nyumba ya mama ilikuwa mbele ya yangu, hatua chache tu. Mama alikuwa Mluguru wa mlimani kabisa, aliyeshuka mjini baada ya kuachana na baba. Ndugu zake walikuja kumsimamishia nguzo, wakala, wakarudi kwenye mashamba yao ya maharage. Yaliyobaki aliyafanya mwenyewe: udongo aliukanyaga mwenyewe, kuta alizikandika mwenyewe, na alama za vidole vyake zilikuwa bado zinaonekana karibu na mlango. Uani akaweka mafiga matatu, akawasha moto, na moto ule haukuzimika tena.

Huo ndio ulikuwa ufalme wake. Alfajiri wanawake wa mtaa ambao moto wao umewafia usiku walikuja na vigae mkononi, wakipiga hodi. Mama aliwapa kaa la moto na maneno juu yake. "Mwanamke mzima, moto unakuzimikia?" Ndivyo alivyowaambia wote, hata mke wa mwalimu wa chuo. Waliinamisha kichwa, wakacheka, wakamwachia habari za majumbani mwao, na kabla jua halijatoka mama alijua nani kampiga nani na nani hakurudi kulala. Kwangu alisema mara nyingi, "Mimi maji nitaomba, chumvi nitaomba. Moto siombi." Wengine hujivunia ng'ombe.

Jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro alikuwa mtu wa lugha. Alivaa kanzu hata alipokwenda kukata kuni, na alitusahihisha. Sisi Waluguru, alisema, tunakiponda Kiswahili kama kisamvu. Yeye alikuwa mtu wa pwani. Kwa kweli alizaliwa Kisaki, akafika Bagamoyo mara moja akiwa na mzigo kichwani, akarudi hana mzigo ila ana lafudhi. Mama alimwita "Mwarabu wa Kisaki" mbele yake, naye alimwita mama "dada", na waliheshimiana kwa namna ya watu wanaohitaji mtu wa kugombana naye.

Basi ikavuma habari kwamba bwana mmoja wa bomani atapita kukagua nyumba. Nyumba mbovu itavunjwa, nyumba chafu itachomwa, na mwenye nyumba atajibu kwa nini. Tulijua kujibu kwa bomani kunaumiza sehemu gani ya mwili. Watu wakakutana barazani kwa jirani, na jirani akasimama. Alikuwa amesubiri siku hiyo maisha yake yote.

"Mdachi hajui maneno mengi," alisema. "Mkimjibu kwa marefu atadhani mnamficha kitu. Jibuni neno moja, la kipwani, lililonyooka. Akiuliza hapa vipi, semeni: barabara."

Tukalikariri. Jirani alipita mbele yetu kama mwalimu. Akatueleza kwamba neno hili lina hatari yake: ukiegemea "ra" ya mwanzo, umesema mambo ni sawasawa, hakuna kasoro; ukiegemea "ba" ya pili, umesema njia kubwa ya kupita watu. "Msije mkaniaibisha," akasema. Mama alilirudia mara mbili tatu, akasema neno lenyewe halina chumvi, lakini atalitumia.

Asubuhi iliyofuata tulifagia mpaka chini ya mitungi. Bwana akaja, mrefu, uso mwekundu, na nyuma yake askari wawili, vibarua wenye vigingi, na kamba ndefu kuliko haja yoyote niliyowahi kuijua. Kumbe hakuja kukagua nyumba. Alitumwa kupitisha njia kutoka bomani mpaka stesheni, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, tena nasema bila kejeli, alitaka kwanza kujua njia yetu wenyewe ya asili inapita wapi, ili asitusumbue zaidi ya lazima. Tulimwita Bwana Kamba tangu siku hiyo.

Alisimama mbele ya nyumba ya mama. Akaonyesha kwa fimbo mlango, uwanja, jiko, vyote pamoja.

"Hapa nini?"

Mama alijifunga kanga vizuri. "Barabara, bwana."

Bwana Kamba akaitazama nyumba. Akamtazama mama. Nyumba ilikuwa imesimama katikati kabisa ya kitu ambacho mwenyewe anakiita barabara. Sijawahi kuona mtu akishangaa kwa adabu namna ile. Akageuka kwa majirani waliokuwa wamepangana mbele ya milango yao.

"Kweli? Hapa barabara?"

Na mtaa mzima, mtaa ambao haukuwahi kukubaliana hata juu ya kuku, ukajibu kwa sauti moja, "Barabara, bwana!"

Kibarua akapiga kigingi cha kwanza kando ya mafiga.

Ilituchukua muda kuelewa. Askari ndiye aliyetufafanulia, tena kwa kutukaripia: mama huyu amejenga juu ya njia ya watu, na majirani wote wameshuhudia. Bwana amemsamehe adhabu, lakini nyumba itaondoka. Mama aliketi kizingitini akaweka kiganja juu ya alama za vidole vyake ukutani. Nilitamani kumkaba mtu, lakini wa kumkaba alikuwa nani? Wote walikuwa wamesema kweli, na wote walikuwa wamesema walichofundishwa.

Tukaenda bomani: mama, mimi, na jirani kama mtaalamu wa lugha. Karani aliyevaa suruali nyeupe alitusikiliza, akatuingiza kwa Bwana Kamba. Mlangoni alisimama askari mwenye kiboko, kwa hiyo tulianza kwa kushukuru. Kisha jirani akaeleza. Alisema neno kwa namna ya kwanza, akalisema kwa namna ya pili. Bwana Kamba akamwomba arudie. Akarudia. Karani akasema hasikii tofauti, labda arudie polepole. Jirani akarudia polepole, kisha haraka, kisha akitembea huku na huku, na kila alivyozidi kurudia ndivyo maneno yalivyozidi kufanana, mpaka mimi mwenyewe nikawa sijui lipi ni njia na lipi ni sawasawa. Jasho lilimtiririka ndani ya kanzu.

Halafu Bwana Kamba akaelewa. Niliona uso wake unafunguka. Akapiga meza kwa furaha, akalijaribu neno kwa namna zote mbili, na zote zilitoka moja. "Neno zuri," alisema. "Neno zuri sana."

"Na nyumba yangu, bwana?" mama akauliza.

Bwana Kamba akasikitika, na alisikitika kwa dhati. Kamba imekwisha kuvutwa mpaka stesheni, alisema. Haiwezi kupinda kwa ajili ya neno. Akafikiri kidogo, uso ukamng'aa tena. "Barabara lazima iwe barabara." Akacheka. Karani akacheka kwa kuwa bwana amecheka, askari akacheka kwa kuwa karani amecheka, na jirani, Mungu amsamehe, alitabasamu kwa sababu mara hii Mdachi alikuwa ameyatamka maneno yote mawili karibu na kupatia. Mama hakucheka. Alisema "Ahsante, bwana," akatoka nje.

Waliotakiwa kubomoa ni sisi wenyewe, amri ilikuwa hivyo. Sijaona ubomoaji wenye adabu kama ule. Kila aliyefika alimwamkia kwanza. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Kisha akang'oa nguzo yake. Mama alikuwa amepika uji wa wote kwenye mafiga yaleyale, akawagawia kwenye vifuu, akawaonya wasikate kamba za paa ovyo kwa kuwa bado zinafaa. Jirani alibeba mlango kichwani peke yake, kanzu na yote, akauleta kwangu. Ukuta wenye alama za vidole ulianguka jioni. Hapo nililia, na sioni haya kusema. Mama alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyemwaga uji.

Mwisho yakabaki mafiga na moto. Wanawake wakaja na vigae, mmoja mmoja, hata wale ambao moto wao ulikuwa unawaka vizuri nyumbani. Mama akawagawia makaa yote. Kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu neno. Mke wa jirani alichukua la mwisho, akavuka nalo kwenda kwake akilikinga kwa kanga. Mafiga mama aliyabeba mwenyewe, yakiwa bado na joto, mpaka kwenye kibanda nilichomwekea nyuma ya nyumba yangu, kwa kuwa alikataa katakata kupika jikoni kwangu.

Asubuhi yake nikasikia hodi. Alikuwa mama, kigae mkononi. Kila nyumba ya mtaa ilikuwa na moto wake isipokuwa yeye. Nikamwekea kaa.

"Huniambii?" akauliza.

"Nikuambie nini, mama?"

"Ninalowaambia wenzako."

Sikuweza. Akajisemea mwenyewe, kwa sauti ya chini, "Mwanamke mzima, moto unakuzimikia." Akaondoka.

Njia ikakamilika, na lazima niseme haki: nyumba yangu, ambayo zamani ilikuwa uchochoroni, ikawa nyumba ya mbele. Watu wa mlimani wanaoshusha mboga walipumzika kwenye baraza yangu, biashara yangu ya vitumbua ikachangamka, na watu walinipongeza kwa bahati. Bwana Kamba alipopita alisimamisha punda wake, akanyoosha fimbo mbele na nyuma, akaniambia, "Barabara!" Hakuna aliyeweza kujua alikuwa anaitaja njia au anaisifu, na nadhani hilo ndilo lililomfurahisha.

Mama na jirani walibaki na la kugombania mpaka mwisho. Jirani alishikilia kwamba yeye alifundisha sawa. Siku ile dada aliegemea "ba" kwa ulimi wake wa mlimani, kosa si la Mdachi wala la mwalimu. Mama alishikilia kwamba alisema vilevile alivyofundishwa, ila Mdachi ana masikio ya ubao. Walibishana kila jioni barazani kwangu, miaka yote, na nilipochoka niliwaambia wote wawili wamekosa, wakaungana kunigombeza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mama siku ile. Sikumbuki. Nimejaribu sana, sikumbuki.

Wadachi walikuwa bado wapo mama alipougua. Nikamhamishia chumba changu cha mbele, chenye dirisha la barabarani, kwa sababu ndicho chenye hewa. Alilala akisikiliza miguu ya watu. Siku kadhaa hakula. Jioni moja ya mvua jirani alivuka, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, kanzu imelowa, akakosa la kusema, yeye ambaye hakukosa la kusema hata mbele ya boma.

"Waonaje hali, dada?" akauliza mwishowe.

Mama akafumbua macho. "Barabara," akasema, akiegemea "ra" ya mwanzo, safi, kama mtu aliyezaliwa Bagamoyo.

Alikuwa anadanganya, na sote tulijua. Jirani akainamisha kichwa. "Ndivyo ulivyosema siku ile, dada," akamwambia. "Ndivyo hasa. Nilikusikia."

Sijui kama na yeye alikuwa anadanganya. Mama alimtazama, akaridhika, akanigeukia. "Nasikia baridi," akasema. "Niletee moto."

Nikaenda jikoni. Kwa kumuuguza nilikuwa nimesahau, na moto ulikuwa umezimika, jivu tupu. Sikuthubutu kurudi kumwambia. Nikachukua kigae, nikatoka mvuani, nikavuka barabara pale pale palipokuwa na mafiga yake, nikapiga hodi kwa mke wa jirani.