Tundu la Juu Bandani

Kila sala niliwaombea uhai kuku kumi na mmoja. Nacheka nikiandika hivi, lakini wakati ule sikuwa na kicheko. Kuku hao walikuwa wa mama yangu, na mama alikwisha kunambia waziwazi, mbele ya mume wangu: "Kuku hawa ndio walonishika hapa Maskati. Siku watakayokufa, mie narudi kwetu Unguja."

Kwetu Unguja kuna nyumba ya ghorofa yenye ngazi za mawe. Tangu baba afariki mama alikaa humo peke yake, hadi siku aliyoteleza kwenye ngazi akalala chini tokea asubuhi mpaka alasiri, jirani alipoingia kuazima mbuzi ya nazi. Ndipo nikamleta kwangu Mabela, hapa Maskati. Toka hapo mimi huota ngazi, na simu ikilia alfajiri moyo unaniruka. Mume wangu husema wengine huzaliwa na chongo, mimi nimezaliwa na woga. Simbishii.

Baridi ya Maskati si kitu cha kumtisha mtu wa nchi za theluji, najua. Lakini sehemu yetu ya Mabela bado ina viwanja vitupu, na upepo wa kaskazini ukivuma mwezi wa kwanza hauna cha kuuzuia. Mwaka ule ulikuja na mvua juu yake. Jirani mmoja aliamka akakuta kuku wake wanne wamekufa. Mama alipoletewa habari hiyo aliendelea kuchambua mchele, na mimi nikaanza kuona masanduku yake yakishushwa kutoka juu ya kabati.

Tukalitengeneza banda. Mama aliagiza, mimi nikafanya. Tuliondoa mchanga uliolowa tukamwaga maranda makavu, tukazisogeza fito za kulalia mbali na mlango, na ubavu wa kaskazini tukaufunika turubali na mazulia mawili ya zamani. Chini ya bati, upande wa kusini, kulikuwa na uwazi wa urefu wa mkono. Niliponyanyua blanketi niuzibe, mama akanishika.

"Hapo pawache. Kuku naye anavuta pumzi. Pumzi yake ikikosa pa kutokea inageuka maji, inawalowesha, ndio wanakufa."

"Na upepo, mama?"

"Upepo hautokei huko. Kwani weye umefuga kuku lini?"

Sijafuga kuku maisha yangu. Nikasema haya, mama. Alipoingia ndani kusali adhuhuri nikapanda juu ya ndoo, nikalishindilia blanketi lile katika uwazi, nikalibana kwa kipande cha ubao. Nilijiambia nitalitoa upepo ukitulia. Nilijua kabisa kwamba naenda kinyume na neno lake, na nikaona ni heri hivyo.

Kesho yake kuku mmoja akatotoa vifaranga saba. Sasa kwetu mzazi hakai na baridi: hufungiwa chumbani siku arubaini, akakandwa kwa maji ya moto, akafukizwa. Mama amewalea wazazi wengi wa ukoo wetu, mimi nikiwa mmojawapo, na kwake kuku aliyetotoa ni mzazi tu. Baada ya alasiri nilimwona akivuka ua na chetezo kilichojaa makaa mekundu, kanga mbili begani na ubani ndani ya kikaratasi. Nikatabasamu. Nikarudi jikoni kukaanga samaki. Wallahi, lile blanketi halikunijia akilini.

Lilinijia nilipofungua dirisha la jikoni kutoa moshi.

Nilikimbia miguu mitupu. Mama alikuwa ameuvuta mlango wa banda ukabana barabara. Niliita, hakuitika. Hata kuku mmoja hakulia. Nilipouvuta mlango, joto na harufu ya ubani vikanipiga usoni. Mama alikuwa ameketi juu ya maranda, mgongo ubaoni, kichwa kimeangukia kifuani, na mzazi wake yuko mapajani. Nikamshika kwapani nikamburura mpaka katikati ya ua, nikimwita kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Niliomba kila dua niliyofundishwa, na nyingine nikazichanganya. Mwisho akakohoa, akatapika, akafungua macho.

Hospitali walimwekea hewa mpaka siku ya pili. Daktari alieleza habari ya makaa ndani ya chumba kisicho na pa kupumulia, na mama akamsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Lakini juu palikuwa wazi," akasema. "Mie mwenyewe nilisema pawachwe."

Mume wangu alikuwa amekwisha kwenda kulitazama banda. Akamjibu kwa upole: "Palikuwa pamezibwa, mama. Kuna blanketi, limebanwa kwa ubao."

Mama akanigeukia. Nilifungua mdomo. Lilikuwa neno moja tu la kusema: mimi. Nikaiwaza hasira yake, nikawaza tiketi, nikaziwaza zile ngazi.

"Basi nimepaziba mwenyewe," akasema kabla sijatoa sauti. "Nimepaziba nikasahau. Marehemu mama yangu naye alianza hivihivi."

Nikanyamaza. Nilikuwa naogopa, na sina udhuru mwingine.

Kuku wanane walikufa. Watatu waliobaki, na vifaranga wawili, mama aliwagawa kwa jirani. Alisema mtu asiyejua mikono yake imefanya nini hafai kuachiwa roho ya kiumbe. Habari ya kurudi Unguja hakuitaja tena. Akitaka kuwasha jiko huniita kwanza nisimame karibu. Dawa zake amenikabidhi mimi. Mwanamke aliyekuwa akikumbuka tarehe ya ndoa ya kila mtu katika ukoo sasa akianza kusimulia jambo hukatiza njiani, akanitazama usoni aone kama analisema sawa, na kila mara huwa analisema sawa.

Jana alikuja mlangoni kwangu, msala mkononi.

"Mwanangu, nishasali alasiri mie?"

Alikuwa amesali. Nilimsikia akitoa salamu.

"Ushasali, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. "Bora nnaye weye wa kunikumbukia."