Barua Niliyomwandikia Mama

Siku mama aliponiuliza, "Nikitoka, nitarudi?" nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Nilimjibu bila kuinua macho kwamba atarudi, kwa nini asirudi, kwani hapa si kwake? Ndivyo nilivyo. Nina jibu la haraka kwa kila swali, na baadhi ya majibu hayo nimeyajutia hadi leo.

Swali lenyewe lilitokana na ujumbe. Mama alikuwa akipikia madereva pale Isaka, karibu na uwanja ambako mizigo ya reli hupakiwa kwenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Dereva mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alimletea habari kwamba bibi mzaa mama ni mgonjwa, hainuki tena kitandani, na humuuliza kila anayeingia chumbani kama binti yake amefika. Mama alimpakulia dereva yule wali, akamwongezea maharage, kisha akafunga jiko na kuja nyumbani mchana kweupe. Hakuwahi kufunga mapema hata alipokuwa na malaria.

Mama alizaliwa Burundi. Baba alimwona huko alipokuwa kijana, utingo wa lori la chumvi ya Uvinza. Akarudi kwao akazungumza na wazee, na ng'ombe wa mahari wakaswagwa kwa miguu siku nyingi hadi kwa wakwe. Alipenda kutusimulia safari ile ya ng'ombe mpaka tukamchoka. Cheti cha ndoa hakikuwepo, wala hakuna aliyekiwaza. Katika ukoo wetu, ng'ombe wa mwisho akishafika, shangazi mkubwa humkalisha bibi harusi kwenye kigoda ndani ya nyumba ya mama mkwe, akampaka siagi kichwani na kutangaza mbele ya watu kwamba huyu amezaliwa leo katika mji huu. Kuanzia hapo, kumuuliza ametoka wapi ni tusi. Mlevi mmoja aliwahi kumwita mama Mrundi kwenye sherehe ya mavuno. Wazee walimtoza mbuzi, wakamla mbuzi huyo yeye akitazama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshavuka miaka kumi nilipojua kwamba mama ana kwao kwingine.

Lakini ujumbe wa dereva ulikuja katikati ya miaka ya tisini. Vita vilikuwa vimewamwaga watu kuvuka mpaka, makambi yalikuwa yamejaa huko Kigoma na Ngara, na redio haikumaliza siku bila kutaja wahamiaji haramu. Sungusungu wetu, ambao tuliwajua kwa kuwafukuza wezi wa ng'ombe kwa filimbi na mishale, wakapewa kazi mpya ya kuorodhesha wageni. Walizunguka kaya kwa kaya na daftari. Walipofika kwetu, mkuu wao aliomba maji, akanywa, akafuta mdomo.

"Hapa hakuna mgeni," aliwaambia wenzake. "Twendeni."

Sisi tulicheka. Mama alichukua kata yake ya maji akaingia nayo ndani, na sikumwona tena hadi wakati wa kupakua.

Wengine wangevuka mpaka kwa kupita porini. Madereva walimwambia njia zipo, watu wanapita kila siku. Mama alikataa katakata. "Sijawahi kuingia kwa mtu kwa dirisha," alisema. "Nenda mjini, mayu, kaniulizie. Wewe ndiye uliyesoma." Mayu kwa Kisukuma ni mama, na ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto, kwa mapenzi. Nikapanda basi kwenda Shinyanga, kwenye ofisi ya uhamiaji, na maswali yangu nimeyaandika kwenye karatasi kama mpango wa somo.

Afisa niliyemkuta alikuwa mpole. Nasema hivyo kwa uchungu, maana nilijiandaa kugombana, na yule bwana hakunipa nafasi. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za shule.

"Mke wa raia si raia?" nilimuuliza.

"Hapana, mwalimu. Anaruhusiwa kuomba. Kuomba ni kitu kimoja, kupewa ni kingine."

"Na sisi watoto?"

"Nyinyi mna baba raia, mmezaliwa hapa. Hamna shida."

"Basi apewe hati ya dharura, akamwone mama yake, arudi."

"Hiyo ni ya raia. Yeye angekuwa na pasipoti ya kwao, yenye kibali cha kuishi hapa, angekwenda na kurudi bila wasiwasi. Akivuka hivi hivi, kurudi kwake ni kuomba upya, kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga nchi hii."

Hata hapo nilitaka kuonekana mjanja. Aliponiuliza mama ameishi nchini miaka thelathini kwa kibali gani, nilimjibu, "Kwa kibali cha ng'ombe." Alitabasamu. Kisha akavuta jalada jipya, akaandika kitu ndani yake. Sijawahi kuona utani wangu ukiandikwa kwenye faili la serikali, na sikuupenda mwonekano wake.

Alinipa maelekezo. Wazazi wangu waape mbele ya hakimu kwamba wameoana kimila, mama ajaze fomu ya maombi, na serikali ya kijiji ilete barua ya kumtambulisha, ikieleza amefikaje na tangu lini. Vyote vikikamilika, alisema, atajitahidi kumwombea ruhusa ya kwenda na kurudi wakati maombi yanashughulikiwa. Nilitoka pale nikiwa na matumaini. Niliwanunulia wazee wangu mkate.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na muhuri lakini macho yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo barua zake nyingi niliziandika mimi na yeye akagonga. Jioni ile alikaa kwetu na wazee watatu, baba akiwa pembeni yake, akaanza kunitajia maneno. Nikaandika kwamba serikali ya kijiji inamfahamu mama, kwamba ni mke halali, kwamba hana kosa lolote. Halafu akasema, "Amezaliwa hapa hapa kijijini."

Kalamu yangu ikasimama. "Mzee mwenyekiti, nakuheshimu," nilimwambia, "lakini mama amezaliwa Burundi. Afisa anataka kujua amefikaje."

Mwenyekiti alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Unataka nimwandike mke wa mwenzangu kuwa mgeni? Nimpelekee serikali karatasi ya kumtukana mama yako?"

"Si tusi, mzee. Ni ukweli."

"Ukweli gani?" Baba alidakia, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Shangazi yako alimpaka siagi mbele ya watu wote hawa. Ng'ombe walifika, hata mmoja hakupungua. Ukiandika mgeni, umewarudisha ng'ombe wangu wote njiani!"

Wale wazee wakaitikia. Hawakuwa wakidanganya, na hilo ndilo nililoshindwa baadaye kulieleza kwa mtu yeyote wa mjini. Walikuwa wakimkinga mama kwa kitu pekee walichokuwa nacho. Mmoja wao alikuwa kati ya wale waliokula mbuzi wa mlevi. Na mimi, niliyekuwa na ulimi kwa kila mtu, mbele ya macho ya baba ulimi wangu ulinywea. Niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, kwamba amezaliwa hapa hapa kijijini. Wakaweka dole gumba mmoja mmoja. Mwenyekiti akagonga muhuri, akaupuliza wino ukauke.

Mama alikuwa jikoni. Hakuna aliyemsomea ile barua, na mimi pia sikumsomea. Nilijiambia kwamba wakubwa watakuwa wanajua wanachofanya.

Wiki iliyofuata nilikwenda na mama mjini. Tulipitia kwanza kwa hakimu, ambako baba alikuwa ameshaapa, naye akaapa. Pale uhamiaji afisa alimwamkia, "Shikamoo mama," akamjazia fomu mwenyewe, akimuuliza swali baada ya swali. Mahali pa kuzaliwa? Mama alikuwa ametoka kuapa asubuhi ile ile, na kiapo kwake hakikuwa mchezo. Akataja kijiji chake cha Burundi, akataja mlima, akataja na mto wanakochota maji. Sauti yake ilikuwa na furaha. Nadhani ilikuwa miaka mingi tangu mtu amuulize.

Barua ilikuwa tayari mezani, ndani ya bahasha. Ningeweza kunyoosha mkono nikaichukua, nikasema nimesahau muhuri mmoja. Nimekwisha kuunyoosha mkono ule mara nyingi sana tangu siku hiyo, nikiwa nimelala, nikiwa nafundisha, nikiwa kanisani.

Afisa aliifungua, akaisoma. Akaiweka kando ya fomu, akazisogeza karatasi zote mbili mpaka kingo zake zikalingana.

"Mwalimu," aliniita taratibu, "huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Mtu huzaliwa mara moja. Moja kati ya hizi ni ya uongo, na zote zimeletwa na nyinyi."

Nikamweleza habari ya siagi na kigoda. Nilieleza vibaya, kwa haraka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mtu anayetunga. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema anaelewa, yeye pia ana kwao na mila zake, lakini jalada litasomwa na watu ambao hawajapakwa siagi. Hati zote zilibaki kwake. Mama akaambiwa aje kuripoti kila Jumatatu.

Kwenye basi mama aliniomba nimweleze barua ilisema nini. Nikamweleza. Nilitegemea atanifokea, na ningeshukuru kama angefanya hivyo. Aliangalia nje, mashamba ya pamba yakipita. "Walinipenda," alisema, basi.

Kuanzia hapo mambo yalibana. Madereva waliokuwa wakipiga naye soga kwa Kirundi wakaanza kumwagiza chakula kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, wakitazama nyuma. Gari jeupe lilionekana likiegeshwa ng'ambo ya jiko lake, watu wawili ndani, hawashuki, hawaagizi kitu. Sungusungu walirudi na daftari lao, na safari hii mkuu wao hakuomba maji. Aliandika mstari mmoja akiwa amesimama mlangoni. Baba alimtukana kwa Kisukuma matusi ambayo sikujua anayajua. Yule bwana aliinamisha kichwa tu, akasema ameagizwa.

Kisha yule dereva akaleta ujumbe wa pili. Bibi haulizi tena kama binti yake amefika. Anaongea naye, kana kwamba amekaa pale kitandani.

Jumatatu ya nne mama alirudi na karatasi iliyokunjwa ndani ya kanga yake. Nilimsomea mbele ya baba. Ilikuwa notisi ya kuondoka nchini ndani ya siku saba, kwa sababu ya maelezo ya uongo na kuishi bila kibali. Baba aliomba niisome tena. Nikaisoma tena. Mama alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda na kurudi, na serikali ilimpa nusu ya kwanza.

"Basi nitamwona mama yangu," alisema. Halafu akaniuliza lile swali lake, kwa maneno yale yale. "Nikitoka, nitarudi?"

Safari hii niliinua macho. Nikaikunja ile notisi nikamrudishia.

Aliondoka siku ya tano, kwa lori lililokuwa likipakia mizigo Isaka. Majirani walikuja tangu asubuhi, wakajaa uani, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Nikadhani tutakwenda naye wote hadi barabarani. Mama alipotoka na kifurushi chake kichwani, hakuna aliyenyanyuka. Kwetu mgeni ndiye anayesindikizwa. Mtu wa nyumbani hutoka tu, kwa sababu atarudi. Walikaa wamebana midomo, wanawake kwa wanaume, wakimtazama akipita katikati yao. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti, na machozi yalimtiririka bila yeye kuyafuta. Hata hapo waliendelea kuiandika ile barua, kwamba yeye ni wa hapa hapa.

Mimi nilishindwa. Nilimkimbilia, nikamfikia kwenye kona ya zizi, nikashika ncha ya kifurushi nimpokee. Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha, na mimi ni mwalimu, maneno ndiyo kazi yangu.

Mama alinitoa mkono, kidole kimoja kimoja.

"Rudi, mayu," alisema. "Usinisindikize. Mimi si mgeni."

Nikasimama pale kwenye kona mpaka alipofika barabarani. Kisha nikarudi nikakaa na wenzangu.