Mtoto Niliyemzaa Aliniita Anti

Wewe unayesoma hapa, ushawahi kusalimiwa "anti" na mtoto uliyemzaa mwenyewe, mbele ya wageni, na ukaitikia?

Mimi imenipata. Hapa Noonkopir, Kitengela, mwezi wa nane, mwaka wa elfu mbili na tano.

Na usidhani mtoto alikuwa amerukwa na akili. Alikuwa timamu, suruali imepigwa pasi, miwani mpya ya Amerika. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, ule mwingine umeshika sanduku la mama mkwe wake, akasema, "Anti, habari ya siku mingi?"

Nikasema nzuri.

Ngoja nikueleze polepole vile nilifika hapo, kwa sababu nikiruka kidogo hutaelewa.

Naitwa Nzisa. Ni Mkamba, nilisoma mpaka darasa la saba. Nikiwa msichana watu walikuja kunichumbia, lakini si kwa ajili ya mwanaume.

Niliolewa na mama.

Usicheke. Kwetu Ukambani, mama ambaye hakujaliwa mtoto anaweza kutoa mahari, aoe msichana, na watoto atakaozaa huyo msichana wawe wa yule mama. Msichana kama huyo anaitwa iweto. Aliyenioa mimi ni Kalekye. Mume wake, Mwololo, alikufa kabla wapate hata mmoja. Kalekye akapeleka kwa baba yangu mbuzi, asali, na ng'ombe wawili weusi. Nikaja kwake hapa Noonkopir.

Hakunitesa, hiyo niiseme kabla ya mengine. Tulilima pamoja, tulichota maji pamoja, na siku ya kulala njaa tulilala wote.

Nikamzaa Mbaluka. Baba yake ni nani, hakuna aliyeuliza, ndivyo desturi ilivyo. Kalekye, mtoto alimwita mama. Mimi aliniita mwaitu, ambayo kwa Kikamba ni mama pia. Mtoto mmoja, mama wawili, na hakuna jirani aliyeona ajabu.

Mpaka mwaka wa tisini na nne, Kalekye alipoingia dini ya Mormoni.

Walikuja vijana wawili wazungu, mashati meupe, tai shingoni, jua la saa saba, wanatembea kwa miguu Noonkopir wakisalimia watu. Walikuwa na adabu. Siku ya kwanza walimbebea Kalekye mitungi ya maji mpaka mlangoni. Wakamfundisha kwamba watu wa familia moja wanaweza kuwa pamoja hata baada ya kufa. Sasa mwambie hivyo mama aliyemzika mume wake mapema, uone kama hatakuja kanisani.

Siku ya ubatizo ndipo mambo yalipopinda.

Mormoni huzamisha mtu mzima mzima, na mwaka huo mto ulikuwa changarawe tupu. Lakini rafiki yetu Simel, Mmaasai anayekaa mbele ya Kisaju ukielekea Kajiado, alikuwa amemaliza kujenga dipu ya ng'ombe. Ni lile shimo refu la simiti ambalo ng'ombe hupitishwa kwenye dawa ya kupe. Dawa ilikuwa bado kuwekwa. Punda wakabeba maji, dipu ikajaa, na Kalekye akashuka pale pale ng'ombe wangeshukia.

Mara ya kwanza kidole cha mguu kilibaki juu. Wakamrudia. Mara ya pili akateleza, akameza maji, akatoka akikohoa vibaya. Mbaluka, kijana wa shule wakati huo, akaruka akipiga kelele, "Mwaitu, mshike! Mwaitu!"

Nikamshika. Nilikuwa nimebeba viatu vyake na leso kavu.

Mmoja wa wale vijana wa kanisa akaniangalia, akamuuliza Kalekye, "Na huyu ni nani wako?"

Maji yalikuwa yanamtiririka kidevuni. Akasema, "Ni dada yangu mdogo."

Hakuna mtu wa kanisa alimwambia aseme hivyo. Hawangejua hata kuuliza. Mimi nilidhani ameona haya, ati ataonekana mtu wa mambo ya kale.

Jioni hiyo Mbaluka akaambiwa kuanzia leo mimi ni anti. Baadaye naye akabatizwa. Mimi nilikataa. Si kwa ubaya. Nisingeweza kushuka majini nikiwa dada ya mtu ambaye si dada yangu. Nikaendelea kunywa chai yangu jikoni, majani nimeyaficha kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo, kwa sababu wao chai hawanywi.

Nikangoja. Nilidhani ni kitu cha mwezi mmoja.

Mbaluka akapata nafasi ya kusoma Amerika, huko Utah. Akaoa huko, binti ya watu wa kanisa. Ndipo mwaka huo wa elfu mbili na tano akaamua kutuletea mke, mtoto mchanga, na mama mkwe wake, mjane wa miaka sabini tuliyemwita Mama Peterson.

Kabla waje alinipigia kwa simu ya jirani.

"Anti, kuna kitu nataka kukuomba."

"Sema."

"Hawa watu wanajua ukoo wao mpaka babu wa babu. Nilishawaambia mama yangu ni Kalekye. Nikianza hii stori ya iweto itakuwa noma. Tafadhali, usiniangushe."

"Na tukiwa jikoni, mimi na wewe tu, utaniita nani?"

"Credit inaisha, anti."

Nikajua ninachotaka kwa hiyo ziara yote. Kitu kimoja. Aniite mwaitu kabla ndege haijamrudisha. Hata mara moja. Hata kwa sauti ya chini.

Sasa, Mama Peterson alikuwa mtu mzuri, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Angekuwa wa kiburi ningemdanganya bila kujali. Muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, alikula akaongeza. Alitaka kushika jembe. Alituambia kwao, kila mwaka, familia nzima husafiri jangwani kule wazee wa dini yao walikopita zamani wakivuta mikokoteni. Wanasimama kwa kila kisima na kila kaburi, wanaambia watoto ni nani alilala pale. Na hapa alitaka vivyo hivyo: aonyeshwe mahali imani ya mkwe wake ilianzia.

Asubuhi tukakodi gari. Mke wa Mbaluka alibaki na mtoto kwa sababu ya jua. Tukaenda mimi, Kalekye, Mama Peterson, na Mbaluka wa kutafsiri.

Kisaju tulisimama kwa stoo ya mabati walikokuwa wakiombea zamani. Siku hizi inauza chakula cha kuku. Mama Peterson akaweka kiganja juu ya mabati, akafumba macho. Mwenye duka akangoja kwa heshima, halafu akamuuliza anataka ya kuku wa mayai ama wa nyama.

Tukaendelea mbele. Nyasi ilikuwa imekauka ikawa rangi ya mkeka mzee, na vumbi ilikuwa inazunguka peke yake huko mbali. Mama Peterson alifurahi kabisa. Akasema hili ni jangwa kamili, kama kwao.

Simel alitungoja pale dipu na fimbo yake. Alipotafsiriwa akasema, "Mwambie hii si jangwa. Hii ni malisho, ni vile tu mvua imechelewa."

Kisha akanigeukia mimi.

Elewa kwamba Simel hakuwa ameambiwa hayo maneno ya anti. Angeambiwa na nani? Akanisalimia vile Mmaasai anasalimia mama wa watu, kwa jina la mtoto wake.

"Takwenya, Ng'oto Mbaluka."

"Iko," nikajibu, nikamtazama Mbaluka.

Mama Peterson akasikia jina la mkwe wake. Akauliza huyu mzee amesema nini.

Ng'oto Mbaluka ni mama yake Mbaluka. Haina maana nyingine.

Mbaluka akakohoa. "Ni salamu tu ya Kimaasai," akamwambia. Alisema kwa Kiingereza, lakini hiyo niliielewa.

Ubaya wa kumdanganya mtu mwenye adabu ni kwamba ataenda kuutumia huo uongo wako.

Soipan, mke wa Simel, akatoka kwa boma na kibuyu cha maziwa. Mama Peterson akamwendea haraka, akamshika mkono na mikono yake miwili, akainamisha kichwa, akasema polepole, vizuri kabisa:

"Takwenya, Ng'oto Mbaluka."

Soipan akasimama. Akamwangalia Mbaluka kutoka juu mpaka chini. Akaangalia tumbo lake mwenyewe.

"Mimi?" akasema. "Huyu mwanaume mzima nilimzaa lini? Simel, kuna kitu hukuniambia?"

Simel alicheka mpaka akaegemea fimbo. Soipan naye akacheka, akaja akanishika bega, akanisukuma mbele.

"Mama ya Mbaluka ni huyu. Mgeni amepotea boma."

Mama Peterson hakujua Kiswahili. Lakini mkono wa Soipan ulikuwa juu ya bega langu, na uso wa Mbaluka ulikuwa umebadilika rangi. Hayo hayakuhitaji mkalimani.

Akamuuliza kitu kwa sauti ya chini. Mbaluka akajifanya anatafuta dereva. Kalekye alikuwa anatazama ndani ya dipu, ambayo sasa ina maji meusi ya dawa.

Basi Mama Peterson akakaa juu ya ukuta wa dipu, kofia magotini, akaanza kuongea. Aliongea sana. Kiingereza changu cha darasa la saba kikakamata maneno machache: anti, polisi, mama, kaburi, anti tena.

Alipomaliza, Mbaluka akasema, "Anasema nyanya yake alikulia jangwani."

"Hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Ameongea mpaka kivuli kimehama, na ni hiyo tu? Tafsiri yote, Mbaluka. Umeruka anti."

Akavua miwani. Akaipangusa, na haikuwa na vumbi.

Kisha akatafsiri. Nyanya ya Mama Peterson alizaliwa na mke wa tatu. Zamani hizo wanaume wa dini yao walikuwa wakioa wengi, serikali ikakataa, polisi wakawafuata mpaka huko jangwani. Watoto wakafundishwa: ukiulizwa yule mama ni nani, sema ni anti. Yule nyanya, mtoto wakati huo, akasema hivyo. Baadaye polisi wakaacha kuja, lakini mdomo wa mtoto ulikuwa umezoea. Yule mama akazeeka akiitwa anti. Alipokufa, kwenye jiwe la kaburi wakachonga Anti, na jina lake. Kila mwaka wakifika pale, watoto wadogo wanauliza, huyu alikuwa anti ya nani?

Mbaluka alimaliza akiangalia viatu vyake.

Mbuzi wa Simel wakakohoa huko nyuma.

Ndipo Kalekye akaongea, bila kugeuka.

"Mwambie huyu ni mke wangu."

"Mama..."

"Mwambie."

"Mama, siwezi kusema hivyo kwa Kiingereza."

"Kwani hawana neno la mke?"

"Wako nalo. Lakini atafikiria kitu kingine."

"Afikirie. Mimi ndiye nilitoa ng'ombe."

"Wawili," Simel akasema. "Weusi. Walitoka kwa boma ya baba yangu, na mmoja alikuwa na maziwa mengi. Baba alilalamika juu ya huyo ng'ombe mpaka akafa."

Halafu akamgeukia Mama Peterson, akamweleza yote kwa Kiingereza chake cha mnadani, kifupi, bila kona.

Nilingoja huyo mama apande gari aombe kurudishwa. Alimwangalia Kalekye, akaniangalia mimi, akamwangalia Kalekye tena. Akasema kitu, na safari hii Mbaluka hakuruka.

"Anasema, kumbe binti yake ako na mama mkwe wawili, na yeye alibeba zawadi ya mmoja."

Kalekye akacheka. Katikati kicheko kikamkatikia. Akanishika mkono wa sweta.

"Nzisa, mimi sikuogopa kanisa. Hiyo nilijidanganya hata mimi mwenyewe. Siku ile nikiwa nazama hapa, nilimsikia mtoto. Aliita mwaitu. Mimi nilikuwa mama siku zote, wa kuombwa viatu, wa kuombwa chakula. Lakini aliposhtuka alikuita wewe. Mimi nilitaka aniite mimi. Siku moja tu. Halafu hiyo siku moja ikawa miaka."

Miaka hiyo yote nilifikiri alinionea haya. Kumbe alikuwa ananionea wivu.

Sikumwambia "hakuna neno". Neno lilikuwepo. Lakini mkono wake sikuutoa.

Tulikunywa maziwa, tukaaga. Kalekye akapanda gari, Mama Peterson akapanda, dereva akawasha. Mbaluka akanifungulia mlango.

"Ingia, an..."

Akameza. Lingine halikuja. Akabaki ameshika mlango, macho kwa vumbi.

Nilisimama pale nikifikiria lile jiwe la jangwani. Mtaniambia mtoto angejua mwenyewe. Hata mimi nilisema hivyo, nikakaa kimya, na huko kunyamaza kwangu watu wakadhani ni kukubali. Wewe kama kuna jina ni lako, lidai ungali na sauti. Ukishazikwa wataandika lile walilozoea.

"Mbaluka," nikasema, "niite mwaitu. Hapa, kwa sauti, hawa wote wakisikia. Ndiyo niingie."