Mkono wa Pili

Leo nimerudi kutoka soko la Ujiji bila uzi, na sikumbuki hata nimepitaje njiani.

Mama yangu alifariki akiwa anamfumia mjukuu wake sweta. Mjukuu mwenyewe bado yuko tumboni mwangu. Mkono mmoja alikuwa amemaliza. Wa pili hakuuanza.

Nikalibeba sweta hilo nitafute uzi wa kufanana na wake. Bluu, unene uleule. Au hata unaokaribia, jamani.

Mama muuza nyuzi akashika ncha iliyoning'inia, akaivuta, ikajikunja tena.

"Mwanangu, huu huupati dukani. Umefumuliwa kwenye sweta kuukuu."

"Sweta la nani?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

Hapo nikakumbuka sweta langu la bweni. Bluu hiyohiyo. Nililitafuta nyumba nzima, nikamnunia mama yangu nikidhani kamgawia mtu. Yeye akasema tu, "Litarudi."

Nikamshukuru yule mama, nikapanda bodaboda.

Sijalia. Nimekaa nalo mapajani tangu saa sita. Chai imepoa.

Limerudi kweli. Limepungua mkono mmoja.

Mnaofuma, huo mkono niuweke uzi gani?