Duara Jeupe Kifuani pa Bibi

Wiki iliyopita, kwenye studio moja ya picha hapa Kibaha, nilimwona mama wa makamo ameshika picha kwa ncha ya khanga, kama mtu anayeepua sufuria motoni. Kwenye picha alikuwa mama yake mzazi, amekaa na jirani nyumbani kwao Kibuta. Walipigwa picha hiyo mwezi uliopita. Sasa bibi amelazwa hospitali, na kifuani pake kwenye picha kuna duara jeupe.

"Hii nini, baba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Jua tu, mama. Lenzi yangu ya zamani, na vikinga-jua vya siku hizi haviingii mdomoni mwake." Mpiga picha akamwonyesha kipande cha kopo la maziwa alichokipaka rangi nyeusi ili kukinga mwanga. Kilikuwa kinacheza mdomoni mwa lenzi, hakikukaza.

"Jua gani linamchagua mama yangu, linamwacha jirani?"

"Kamera hii nachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, siyo kwenye lenzi. Jua likiingia, silioni mpaka filamu isafishwe."

Mama akamtazama. "Kumbe hata wewe hulioni likija."

Akailaza picha kifudifudi kwenye kaunta, akatoka bila kuaga.

Msinicheke. Maelezo ya lenzi niliyaelewa vizuri kabisa. Lakini zamu yangu ya kupigwa picha ilipofika, nilikivuta kiti mwenyewe mbali na dirisha. Na yule aliyesema ni jua tu akaenda kufunga pazia.