Hodi za Modemu

Juzi, tukigawana vitu vya marehemu kaka Shabani, niliikuta modemu yake ya kuunganisha mtandao kwa simu, inanuka vumbi na ubani. Nikakumbuka alasiri moja Kibiti, tukisubiri barua pepe yenye habari za baba, aliyelazwa hospitalini Maskati. Kaka alikuwa ameandika skripti ya kuiagiza kompyuta ipige simu yenyewe. Modemu ililia, ikakwaruza, ikanyamaza, mara tatu.

"Inafanya nini, kaka?"

"Inapiga hodi mtandaoni."

Nikaanza kulia. Nilifunzwa kwamba hodi ya tatu isipoitikiwa, unaondoka.

Kaka alicheka, akaifuta idadi ya majaribio kwenye skripti, tatu, akaandika kumi. "Haya, mdogo wangu, sasa haina adabu."

Ya tano iliitikiwa. Baba alikuwa amepata nafuu.

Leo najua laini ilikuwa na shughuli tu. Hata hivyo jana, mlangoni kwa kaka, nilipiga hodi ya nne.